Ubeti wa Tatu

Alianza kabla hatujamaliza kuunga nyaya.
Hakuhesabu moja, mbili. Hakunitazama.
Neno la kwanza aliliokota kama pini sakafuni,
akalipandisha kwenye taa, akaligeuza,
na mimi kwenye kinanda nikawa napapasa
kama mlevi mlangoni pake.

Ijumaa, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
ukumbi uliokuwa ghala la katani:
ukiupiga ukuta kofi, vumbi la mkonge bado linakutia chafya.
Meza kumi na moja. Feni mbili, moja nzima.
Watu walikuja kusikia wanachokijua,
ile Pete ya Rehani
iliyopigwa kila harusi toka Pongwe mpaka Muheza,
ambayo mama zetu waliichomea maandazi
na baba zetu waliiombea msamaha.
Kila mtu ana kipande chake cha wimbo ule,
na amekikalia, hataki kusogea.

Zawena binti Singano akawasogeza.

Mstari wa kwanza aliuchelewesha
mpaka kijana wa ngoma akadhani kakosea, akaniangalia.
Nilipandisha mabega.
*Rehani* akalikata mapande matatu:
*re* akamrushia Hoza mwenye besi,
*ha* akalitafuna, kavukavu, kama korosho,
*ni* hakulisema.
Meza ya nne mama mmoja akammalizia, kwa sauti,
akajiziba mdomo kwa ncha ya mtandio.
Zawena akacheka humohumo ndani ya noti
wala noti haikuyumba.

Mlangoni kasimama Fundi Kilua,
wa baiskeli, Barabara ya Nane, grisi hadi kwenye viwiko.
Ndiye aliyepuliza tarumbeta kwenye santuri yenyewe
enzi za meno yake ya mbele.
Kiingilio hakulipa.
"Mle ndani nimo tayari," alimwambia mkata tiketi,
na mkata tiketi akakosa hesabu ya kumjibu.

Ubeti wa tatu hakuuimba.
Alifumba macho, akaiacha nafasi yake wazi,
yote, kama ilivyo, na urefu wake.
Nikaondoa vidole.
Hoza akaacha uzi mmoja ungurume hadi uchoke wenyewe.
Feni. Pikipiki huko nje.
Mtu anatua glasi polepole kama anaiba.
Ndipo nikaona midomo:
meza ya pili, ya saba, muuza mishikaki dirishani,
ukumbi mzima unaimba bila sauti,
na kila mdomo, naapa, una mwendo wake.

Baadaye Fundi alikuja mpaka jukwaani.
"Umeuharibu."
Zawena alikuwa anakunywa maji moto ya tangawizi.
"Wapi hasa?"
"Kote."
Akavuta kiti. Akafuta mikono kwenye suruali, ikachafuka suruali,
mikono ikabaki vilevile.
"Ila pale uliponyamaza.
Siku ya kurekodi utepe ulikuwa mfupi.
Ubeti wa tatu tuliambiwa tuutupe, tukarudia wa kwanza.
Huo mnaoujua nyie si wa tatu."
Ulisemaje huo wenyewe? nikauliza mimi,
maana Zawena hakuuliza.
Aliitazama feni inayozunguka,
kisha kwa muda mrefu zaidi ile isiyozunguka.
"Haukuwa mzuri," akasema. "Ulikuwa na habari za mbuzi."

Jumamosi nilimpelekea baiskeli, pancha tairi la nyuma.
Alikuwa kainama juu ya karai la maji
anatafuta mapovu,
na kwenye pengo la meno yake hewa inapita, inaimba:
*re*,
akachelewa. Akachelewa sana.
*Ha*,
na tyubu ikageuzwa ndani ya maji.
Nilibaki nimesimama, pampu mkononi,
nangoja *ni*.
Akaomba nimsogezee msasa.